Bunduki za Baba na Rangi ya Mageti

Bagamoyo mjini.
Jumamosi, 17 Agosti 2024.

Mpendwa kaka yangu Mikdad,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, wewe na wifi yangu Yasmini na wanangu, na joto la huko Muscat liwe limepunguza makali. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukisujudu, kuinuka ni kazi. Nimempa Nadhira, mchukuzi wa barua hii, chupa mbili za mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe. Lisugue kabla ya kulala, uyaamini usiyaamini.

Huku tu wazima kwa kadiri ya mtu kujiita mzima. Mama anakula, presha imeshuka, ila macho yanazidi kumdanganya. Mdogo wetu Mwanamkasi bado anafundisha Kerege na bado analalamika. Duka langu linakwenda: saruji imepanda, wateja wamepungua, lakini kila asubuhi nafungua.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu haya ni mambo ya bunduki, na nimeshaambiwa na wenye mamlaka nisiyarusherushe kwenye simu. Isitoshe, nikikujibu kwa sauti nitapayuka, na sitaki Mama anisikie. Nadhira, yule binti wa jirani yetu wa mjini, anarudi kazini kwake huko Jumatatu, atakufikishia mkononi.

Nianze na mwisho, ili usisome kwa matumaini. Bunduki za Baba hazipo tena, na hazikuleta hata shilingi moja.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana najua utasema hukuambiwa.

Baba alipofariki Desemba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya mjini na bunduki tano. Vingine ni vyombo na madeni madogo ambayo nimeyalipa mimi. Mahakama ya Mwanzo ikanipa usimamizi wa mirathi kwa sababu wewe uko mbali, na kwa sababu, alivyosema hakimu, mimi ndiye niliyekuja na karatasi zimepangwa. Nyumba ikathaminiwa milioni tisini na sita. Kwa sheria yetu ni mafungu thelathini na mawili: Mama manne, wewe kumi na manne, mimi saba, Mwanamkasi saba. Fungu moja milioni tatu. Chako ni milioni arobaini na mbili, na ulisema unazitaka zote kwa mkupuo kabla ya mwezi wa kumi, uingie ubia wa duka la vipuri. Vinginevyo nyumba iuzwe kila mtu achukue chake.

Sikukulaumu. Haki yako ni haki yako, hata kama nyumba hiyo hujalala ndani yake tangu 2009.

Nilichokuomba ni kimoja tu, Mama asihamishwe. Alifikishwa pale bibi harusi mwaka 1971, na hata uji hajawahi kuupika jikoni kwa mtu mwingine. Nikahesabu: mimi nina akiba ya milioni kumi na saba, Mwanamkasi tatu za kikoba chake. Zimebaki ishirini na mbili. Ndipo wewe mwenyewe ukasema, "Bunduki je?" Tukakubaliana wote wanne kwamba fedha za bunduki zisigawanywe, zote zije kwako zijazie fungu lako, na nyumba ibaki na Mama. Ukaniletea bei ulizoziona mtandaoni za Ulaya, ukasema zitafika milioni thelathini na chenji itarudi.

Kwa hiyo ukisikia bunduki, usisikie vyuma. Zilikuwa nyumba ya Mama.

Unazikumbuka? Wewe uliruhusiwa kuzishika, mimi niliruhusiwa kubeba kitambaa cha kuzifutia. Ile raifo ya kuwindia nyati, aliyopewa na wawindaji siku alipoacha kazi ya uaskari wa wanyama Saadani. Ile ya mitutu miwili, ya Kiingereza, aliyoinunua kwa yule Mgiriki wa mkonge, yenye kware waliochongwa ubavuni. Ile ya Mjerumani, ya babu yake Baba. Na magobore mawili ya ukoo, ya kupigia mwezi wa Idi.

Mwaka huu mwezi ulionekana, na mtaa mzima ukakaa kimya unasubiri mlio. Watu wakaja mpaka mlangoni. Mzee mmoja akapaza sauti, "Wenye baruti, vipi, mwezi wenu haujaandama?" Mama akamjibu toka ndani ya eda yake, "Mwenye kuupiga kaandama yeye." Watu wakarudi makwao.

Najua utauliza kwa nini bunduki hazikupelekwa kituoni wiki ile ile ya msiba, kama sheria inavyotaka. Jibu unalo, ila nitaliandika. Zilikuwa ndani ya kasha, na kasha liko chini ya kitanda cha Mama, na juu ya kitanda yuko mwenye eda. Mwanamume gani angeingia kulitoa? Miezi minne na siku kumi chumba kile hakikuingia mtu asiye maharimu. Na ulipoambiwa kwamba mimi na Mwanamkasi tunaweza kulikokota wenyewe mpaka nje, ulijibu, "Msithubutu. Zikiingia polisi kabla ya kuthaminiwa, hamtaziona." Nikakusikiliza. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba, hata kama nyumba unaiona kwenye simu.

Mama akatoka eda katikati ya Aprili, baada ya Idi. Tukalifungua kasha. Kaka, nilitaka kulia. Baba alipougua miaka ile miwili hakuzigusa, na unyevu wa mjini unaujua, chumvi inakula mpaka vitasa. Kutu ilikuwa imetambaa kwenye mitutu, kitako cha ile ya Mjerumani kimetoboka, magobore yamekuwa mekundu kama yametoka kufukuliwa. Nikakupigia picha moja. Ukaniletea ujumbe wa sauti tarehe kumi na tisa Aprili, dakika mbili na sekunde nne, bado ninao. Ulisema, "Mzungu hanunui kutu, Raya. Zifanyie usafi zing'are."

Hapa sasa lije kosa langu, na sitalificha nyuma ya lako.

Mimi nimeanza kwa kuuza kokoto kwa ndoo pale kituoni Zinga. Ndoo mia tatu. Hakuna mtu wa ukoo huu aliyenipa mtaji, hata Baba, aliyesema mwanamke na kokoto wapi na wapi. Nilipofika kwenye bati na nondo, somo la kwanza nililojifunza ni kwamba kitu chenye kutu hupoteza nusu ya bei. Nondo ikipata kutu, naipiga brashi ya waya, naipaka rangi, naiuza kama mpya. Ndivyo nilivyosomesha mtoto na ndivyo nilivyojenga. Basi nikaona bunduki nazo ni chuma.

Nikamwita Najim, fundi anayechomea mageti uani kwangu, nikamleta nyumbani mjini. Nikamwambia asitoe kitu nje ya ua, kazi ifanyike pale pale kando ya kisima. Alikuja na grenda, brashi ya waya na msasa. Siku mbili nzima cheche zinaruka. Mama amekaa kibarazani anakunja uso kwa kelele, lakini anamwambia, "Hapo nyuma ya kitako hujafika, baba." Mitutu ikatoka myeupe kama sufuria mpya. Vitako tukavipiga vanishi. Halafu nikatoa dukani kopo la rangi ile nyeusi ya kung'aa ya mageti, shilingi elfu nane na mia tano, akazipaka zote tano, mikono miwili ya rangi, wa pili juu ya wa kwanza.

Zilipendeza, Wallahi. Nilizitazama zimelala kwenye mkeka zinakauka, nikajiona nimefanya kazi ya mtoto wa kiume. Nikafikiri, Baba angeziona leo.

Mwezi wa tano nikampata wa kuzithamini. Mzee Sufiani, alikuwa fundi bunduki wa makampuni ya uwindaji miaka thelathini, sasa anashauri duka moja la silaha lenye leseni huko Dar. Aliniambia kwenye simu kwamba hatazinunua wala hataondoka nazo mpaka ziripotiwe, atatazama tu na kuniambia thamani. Nikasema hewala. Alikuja Jumapili, kavaa kanzu na miwani ya kioo kinene. Mwanamkasi akamletea kahawa. Nikafunua mkeka.

Yule mzee alichuchumaa, akatia ukucha kwenye ile ya mitutu miwili, rangi ikabanduka kama ganda la yai.

"Nani kazifanyia hivi?"

"Mimi."

"Bi Raya, ulikuwa na ugomvi na marehemu?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alinionyesha mahali kware walipokuwa. Grenda imepita juu yao, wamelala bapa, mmoja kabaki na mguu tu. Akaniambia wanaonunua bunduki kongwe wananunua ule ukongwe, rangi ile ya kahawia ambayo chuma kinajipaka chenyewe kwa miaka mia. Kutu ingetolewa kwa mafuta na pamba, kidogo kidogo, kwa miezi. Nikamwuliza bei. Mimi ni mtu wa bei, nilitaka nizisikie zote mbili, ya jana na ya leo.

Akasema kama angezikuta kwenye kasha na kutu yake, na vitabu vyake vya leseni: mitutu miwili, milioni tisa. Raifo, milioni nane. Ya Mjerumani, milioni tano, ikipata kibali na mpenda historia. Magobore, laki mbili mbili. Fanya hesabu mwenyewe. Milioni ishirini na mbili na laki nne. Tulikuwa tumepungukiwa ishirini na mbili.

"Na leo?"

"Leo, zenye vitabu, naweza kukutafutia mtu wa kuzilindia shamba dhidi ya nguruwe. Milioni tano kwa zote, akiwa mkarimu. Bila vitabu, usimwonyeshe mtu mwingine. Hata mimi sikuziona."

Usiku ule sikulala, lakini sikukata tamaa. Milioni tano ni tano. Nilifikiri nitauza na ile pikipiki ya duka, nikope kidogo, nikuombe unisubiri miezi mingine. Kilichobaki ni vitabu vya leseni.

Tukapekua nyumba nzima. Kasha, kabati, chini ya godoro, kwenye mfuko wa Kurani, juu ya dari. Hakuna. Ni Mama aliyekumbuka. Akasema, "Si alikuwa akiviweka kwenye koti lake la kaki? Mfuko wa ndani, wenye zipu." Tukatazamana, mimi na Mwanamkasi. Koti la kaki lilitoka siku ile ile ya mazishi pamoja na kanzu zake na viatu, sadaka ya mwosha. Wewe ungekuwepo ungefanya vile vile. Nani anapekua mifuko ya nguo za sadaka, maiti bado iko ndani? Watu wangesema watoto wa Haji wanatafuta hela za baba yao kabla hajafika kaburini.

Aliyemwosha Baba ni Mzee Ausi, anayekaa sasa kwa binti yake Kerege. Tulikwenda na kilo tano za mchele na sukari. Tulimkuta amelivaa koti lenyewe, kaka. Limemfika magotini. Nikasalimia, nikamweleza kwa upole. Uso wake ukafurahi.

"Vile vitabu vyenye picha yake? Nilivikuta, mwanangu. Nikasoma jina: Haji Muhammad Pazi. Nikasema, karatasi yenye jina la Mtume haikanyagwi wala haitupwi jaani. Na picha ya marehemu haikai nyumbani kwa watu."

"Viko wapi, babu?"

"Nilivichoma. Kwa adabu kabisa. Nilitia na ubani, jivu nikalipeleka baharini mwenyewe, na miguu yangu hii."

Alikuwa anasubiri nimshukuru. Mwanamkasi akatoka nje. Mimi nikamshukuru. Ningesema nini? Mtu huyu kamgeuza baba yetu ubavu kwa ubavu kwa mikono yake, na hakudai chochote. Akanisindikiza mpaka barabarani akisema, "Msiwe mnasahau vitu vya mzee wenu ovyo, mwanangu. Bahati yenu vimeangukia kwangu."

Basi mwezi wa sita nikaona nimalize kwa njia iliyonyooka. Nikaenda kituoni peke yangu, nikaeleza yote: msiba, eda, vitabu. Wakaja askari na gari wakazichukua bunduki kwa utaratibu, wakaniandikia hati. Aliyenipokea kwenye meza ya silaha ni sajini mmoja, Adila, binti mpole wa rika la Mwanamkasi. Akanipa kiti, akanipa maji.

"Shangazi, usiwe na hofu. Vitabu vikiungua, rejista tunayo. Wewe umekuja kwa miguu yako. Nisomee tu namba zilizopigwa kwenye chuma, nizilinganishe, tukupe barua, uuze kwa mwenye kibali."

Unajua, nilimwambia Alhamdulillahi kwa sauti.

Akaiinua raifo. Akaigeuza. Akachukua tochi, akachukua kitambaa chenye thina, akafuta rangi mahali pa namba. Akafuta tena. Akaita mwenzake. Grenda ya Najim ilikuwa imepita hapo pia. Kwenye raifo zimebaki tarakimu mbili za mwisho, saba na moja. Kwenye ya mitutu miwili hakuna kitu, laini kama kijiko. Ile ya Mjerumani ina vijinamba sehemu sehemu, lakini havilingani, maana babu aliwahi kuiunganisha na vyuma vya nyingine. Magobore hayakuwahi kuwa na namba tangu yaumbwe.

"Shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "bunduki inafutwa namba na mtu wa aina gani?"

Nilijua ni mtu wa aina gani. Mwenye duka.

Walinihoji tangu saa nne mpaka magharibi. Hawakunionea, nisiwasingizie, walikuwa wanafanya kazi yao. Bunduki iliyosagwa namba haina mwenyewe, na asiye na kitabu hawezi kusema ni yake. Najim akaja mwenyewe aliposikia, na aproni yake ya kazi, akalala ndani siku mbili. Kila akiulizwa alisema neno moja, "Mimi naambiwa toa kutu, natoa kutu." Mkewe alikuja dukani kunitazama tu. Hakunitukana. Alisimama karibu na misumari, akanitazama, akaondoka.

Wiki nane tumekwenda na kurudi. Wiki iliyopita niliitwa. Nikaambiwa njia ni mbili. Ya kwanza, niendelee kudai kwamba ni mali ya mirathi, zipelekwe kupimwa na wataalamu kama namba zinaweza kusomeka chini ya msasa. Na wakati huo wote jalada la kufuta namba litabaki wazi, jina langu na la Najim. Ya pili, nizisalimishe zote tano kwa hiari, jalada lifungwe, na zitateketezwa pamoja na nyingine zilizosalimishwa.

Nilifikiri kwa muda wa kunywa chai moja. Najim ana watoto wanne. Nikasaini mara tano.

Gharama ya usafi, rangi, vanishi, ufundi na kifuta jasho cha Mzee Sufiani ni shilingi laki mbili na kumi na sita elfu na mia tano. Sikudai. Nakuandikia tu ujue kwamba hata kuziua kulikuwa na bei.

Tarehe mbili Agosti, nilipoona mambo yanaelekea wapi, nilikuletea ujumbe nikakuomba upokee milioni ishirini taslimu sasa, na zilizobaki kwa miaka mitatu, na maandishi mbele ya sheikh. Ulijibu kwa sekunde kumi na moja. Nimezisikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. "Raya, biashara haisubiri. Iuze nyumba."

Basi nimeiuza, ikibaki hatua moja. Mnunuzi katokea Dar, anataka kufanya nyumba ya wageni. Kashusha mpaka milioni tisini, na hakuna mwingine aliyefika hapo. Fungu moja sasa ni milioni mbili, laki nane na kumi na mbili elfu na mia tano. Lako ni milioni thelathini na tisa, laki tatu na sabini na tano elfu. Ungenisubiri ningekupa arobaini na mbili. Yaani umepata pungufu ya milioni mbili, laki sita na ishirini na tano elfu, na Mama kapata pungufu ya nyumba. Mimi biashara kama hiyo sijawahi kuifanya, hata siku za kokoto.

Anataka nyumba iwe tupu tarehe thelathini Septemba. Mama nitamhamishia kwangu Zinga, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka. Kuna choo cha ndani, kuna feni. Hakuna jirani hata mmoja anayemjua kwa jina.

Hatua iliyobaki ni hii. Mimi ndiye msimamizi, lakini karatasi ya mauzo inataka ridhaa ya warithi wote. Mwanamkasi kasaini huku analia. Yako naituma na Nadhira, irudishe kwa yeyote anayekuja. Ya Mama bado. Mama hajui chochote, kaka. Anadhani bunduki ziko kituoni zinatunzwa mpaka uje. Yule mnunuzi alipokuja kupima vyumba kwa futi, nilimwambia ni fundi wa kukadiria chokaa, Mungu anisamehe.

Sitamwambia mimi. Nimemwambia kifo cha mumewe, maana wewe hukupatikana hewani. Nimemwambia vitabu vya koti vimechomwa. Hili litasemwa na aliyelitaka. Mpigie Ijumaa ijayo, tarehe ishirini na tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nitakuwa nimekaa naye na simu itakuwa na chaji. Mwambie kwa maneno yako. Ukimwomba wewe, atatia dole gumba bila kuuliza. Hajawahi kukunyima kitu, na hilo ndilo linaloniuma.

Na ukijikuta siku hiyo unasema neno jingine, zile milioni ishirini bado zipo benki, na huyo mtu wa Dar hajalipa hata rubuni ya kutanguliza. Sikuombi. Nishaomba. Nakuambia zipo, basi.

Msalimie sana wifi yangu Yasmini, mwambie nguo alizoleta zilimtosha mwanangu na bado zinavaliwa. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawataja. Mwanamkasi anakusalimu, ingawa alisema nisiandike. Mzee Ausi anakuombea dua.

Mama anakusalimu kuliko wote. Alinikuta naandika akauliza ni barua ya nani, nikasema ya Mikdad. Akasema nikujulishe kwamba chumba chako cha uani amekipiga chokaa kwa pesa zake mwenyewe, kwa sababu yule fundi wa vipimo alikitazama sana, naye Mama akaona haya. Anauliza utakuja kabla ya Maulidi au baada yake, apate kujua lini atandike kitanda. Nimemwambia nitakuuliza.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali na moyo wa kuivumilia.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda hata leo,

Raya binti Haji